Kindu: Mfinalisti, itemu za zamani ni kipimo, si majibu ya kukariri

Kila mwaka mtihani wa serikali unapokaribia, itemu za miaka iliyopita zinaanza kuzunguka Kindu kama katika miji mingine ya Kongo. Zinapigwa fotokopi, zinapigwa picha kwa telefone, zinatumwa kwa WhatsApp. Wafinalisti wengi wanazikariri usiku kucha: swali hili jibu ni 3, lile jibu ni 5. Asubuhi wanasema wako tayari. Lakini je, wako tayari kweli?

Mtihani huu, unaojulikana kama Exetat, ulianzishwa mwaka 1967. Kipindi cha kawaida kinachukua siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Kabla yake kuna insha ya Kifaransa. Asiyefikisha 50% hapati diploma ya serikali. Bila diploma hiyo, mlango wa Chuo Kikuu cha Kindu, au chuo kingine chochote nchini, unabaki umefungwa. Mzazi naye anajikuta akitafuta tena pesa za mwaka mwingine.

Ndiyo maana ni vizuri kujua namna ya kutumia itemu za zamani.

Kwanza, kujipima kunasaidia kuliko kusoma tena na tena. Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kujifunza. Kundi moja liliyasoma mara nne. Kundi lingine liliyasoma mara moja tu, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika yote linayokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka 40%, na waliojipima walikumbuka 61%. Mfinalisti anayesoma daftari mara nne anajisikia vizuri usiku ule, lakini mtihani hauji usiku ule.

Pili, alama unayopata nyumbani inaweza kukudanganya. Itemu ya Exetat ina majibu matano ya kuchagua. Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tano. Tuseme maswali ni 20. Unajua 8 tu, na 12 unayabahatisha. Kwa bahati unaweza kuokota mawili au matatu, ukafika 10, ukasema: nimefaulu. Siku ya mtihani bahati ile inaweza kukosekana. Kwa hiyo, unapojipima, andika alama ndogo kando ya kila jibu: N kama unajua, W kama una wasiwasi, B kama umebahatisha. Ukimaliza, hesabu N zilizo sahihi peke yake. Hiyo ndiyo alama yako ya kweli. Zile W na B ndizo kazi yako ya wiki inayofuata.

Tatu, usijipime bila kusahihisha. Katika maswali ya kuchagua, jibu baya linafanana sana na jibu zuri, na ukiliacha bila kulirekebisha linaweza kukaa kichwani kama ukweli. Mpelekee mwalimu swali lililokushinda. Usimwulize tu jibu ni namba ngapi. Mwulize kwa nini hii ni sahihi, na kwa nini zile nne si sahihi. Maswali yanabadilika, na karatasi zinatolewa kwa seri mbalimbali, lakini anayejua sababu atajibu hata namba zikigeuzwa.

Nne, usimalize itemu zote mapema. Ukifanya itemu ileile mara ya pili, alama inapanda kwa sababu unaikumbuka, si kwa sababu umeelewa. Weka pembeni itemu za mwaka mmoja au miwili ya karibuni, usiziguse. Wiki chache kabla ya mtihani, zifanye asubuhi, saa ikiwa mezani, telefone ikiwa imezimwa, bila rafiki kando. Anayeishi Alunguli na kupangiwa kituo ng'ambo ya pili afanye pia jaribio la safari: aone mapema kuvuka Lualaba kunamchukua muda gani asubuhi.

Na yule anayekuja usiku wa mwisho kuuza «majibu» ya kesho? Huyo hauzi kipimo. Wakati wewe unatafuta pesa za kumpa, mwenzako analala. Telefone hairuhusiwi ndani ya kituo, na anayekamatwa akidanganya anaweza kupoteza mwaka mzima.

Wazazi nao wana kazi. Mtoto akileta 9 kwa 20 katika jaribio la nyumbani, msimfokee. Kosa la mwezi wa tatu bado lina dawa. Mwulizeni: yale 11 yaliyobaki, umeyapeleka kwa mwalimu?