Kupunguza Kitambi Bila Kuhama Meza ya Kiha

Mtu akishavuka miaka arobaini na nguo zikaanza kumbana, lawama huangukia umri. Mwili umechoka, husema, hauunguzi tena chakula kama zamani. Lakini mwaka 2021 jarida la Science lilitoa utafiti uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku nane hadi mzee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hayabadiliki kati ya miaka 20 na 60. Baada ya hapo hushuka, tena polepole, chini ya asilimia moja kwa mwaka. Basi mama wa miaka 47 mwenye duka mjini Kasulu, mkoani Kigoma, asiusingizie mwili wake. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

Wengi watasema kilichobadilika ni kukaa. Zamani alilima, alipalilia na kupanda vilima kwa miguu, leo anaitiwa bodaboda hadi mlangoni. Ni kweli, ila si kweli yote. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, watu wanaotembea mno kila siku wakitafuta mizizi, asali na nyama. Ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku haikuizidi ya watu wa Marekani na Ulaya. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaotembea sana hubana matumizi yake kwingine. Kutembea kunaimarisha moyo, kunashusha sukari na kulinda misuli, ambayo hupungua kadiri umri unavyosonga, na kila mtu wa makamo anauhitaji mwendo huo. Lakini kitambi kinaamuliwa zaidi na sahani. Kwa wanawake, hedhi inapokoma mafuta huhama kutoka nyonga na kukusanyika tumboni, kwa hiyo hata asiyeongezeka kilo anaweza kuona kiuno kikipanuka.

Mkoani Kilimanjaro watafiti waliwabadilishia wanaume wenye afya chakula kwa wiki mbili, na matokeo yakatoka mwaka 2025 katika Nature Medicine. Waliotolewa kwenye ndizi, maharage na mboga za nyumbani wakapewa soseji, mkate mweupe na chipsi waliongezeka zaidi ya kilo mbili, na kinga zao za mwili zikaonyesha dalili za kuchokozeka. Walioelekezwa upande wa pili, kutoka chakula cha mjini kwenda cha asili, dalili hizo zilipungua. Wiki mbili tu!

Chakula cha nyumbani kikiwa na nguvu hiyo, sioni haja ya dayati za kushindia maji ya ndimu. Mwenye njaa hudumu siku chache, kisha hurudi kula kwa hasira. Kasulu na Kibondo, nyumbani kwa Waha, zina maharage, lengalenga (mchicha), kisamvu, uyoga wa msimu wa mvua, na migebuka na dagaa wanaopanda kutoka Ziwa Tanganyika. Kasoro iko kwenye vipimo. Ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake ni haba, na kwa kawaida ndio unaojaza sahani huku maharage yakikaa pembeni kama kitoweo cha kuonja. Vigeuze vipimo hivyo: maharage na mboga zichukue zaidi ya nusu ya sahani, ugali ubaki ngumi moja, na anza na maharage. Protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu, na njaa ya saa kumi haiji mapema.

Mawese usiyaache. Yana ladha ambayo mtu wa Kigoma hawezi kuibadili na mafuta ya chupa, na rangi yake nyekundu ni chanzo cha vitamini A. Ila kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, na upawa hubeba vijiko kadhaa. Kijiko kimoja kikitiwa mwishoni, chungu kikiwa kinakaribia kuepuliwa, harufu inatosha. Kitunguu, nyanya, tangawizi na pilipili vitafanya kazi iliyobaki. Pa kukata bila huruma ni kwenye vinywaji: soda, chai ya vijiko vitatu vya sukari, pombe. Kalori za kunywa hazishibishi kama za kula.

Lengo lisiwe kurudi kwenye mwili wa miaka ishirini. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 ulilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito pamoja na kutembea dakika 150 kwa wiki, na hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Mwenye kilo 80 anahitaji kupunguza chini ya kilo sita. Anayepungua bila kukusudia, huyo aende hospitali.

Chungu kimoja hulisha nyumba nzima, watoto wakiwemo. Uchunguzi wa lishe wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya asilimia 40 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma wamedumaa. Mtoto mdogo anayahitaji mafuta ambayo mama anayapunguza. Pika kwa mafuta machache, pakua sahani za wakubwa, halafu ongeza mawese kwenye bakuli la mtoto na umtilie dagaa waliosagwa.