Spika za Mzee na Amplifaya Isiyoziweza

Spika za mbao zilizoachwa na mzee hazitupwi kwa urahisi. Hukaa pembeni mwa sebule miaka na miaka, zikafunikwa kitambaa na kuwekewa maua juu yake, mpaka siku moja kijana wa nyumba atakapo kuzisikiliza tena kanda za marehemu babu yake. Hununuliwa amplifaya ndogo ya bei nafuu, ikaunganishwa, na kabla ya saa moja kwisha imezima yenyewe au imetoa harufu ya kuungua. Lawama huziangukia spika, kwamba zimekufa kwa uzee. Sisi twaona kuwa mara nyingi hazina kosa: zimeozwa mwenzi asiyeziweza.

Tuchukue mfano wa AR-3a, spika iliyotolewa mwaka 1967 na kampuni ya Acoustic Research ya Cambridge, Massachusetts, huko Marekani. Asili yake ni wazo la Edgar Villchur, aliyeonyesha mwaka 1954 kuwa hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku lisilovuja yaweza kufanya kazi ya springi na kuirudisha karatasi ya spika mahali pake. Kwa hila hiyo sanduku la kuweka rafuni liliweza kutoa besi iliyokuwa ikihitaji kabati zima. Lakini besi hiyo ina gharama yake. Spika ya namna hii hula umeme mwingi ili itoe sauti ya kadiri, na ukinzani wake ni omu 4 badala ya 8 zilizozoeleka, tena kwa baadhi ya sauti hushuka chini ya hapo.

Omu zikiwa chache, umeme hupita kwa wingi, kama maji katika bomba pana. Amplifaya ikisukuma volti 20 katika omu 8, hutoka ampea 2.5, yaani wati 50. Volti hizo hizo katika omu 4 hutoa ampea 5 na wati 100. Yenye transfoma nzito na bati pana la kupoza joto hustahamili. Iliyo nyepesi hupata moto, na ikilemewa sauti huanza kukwaruza. Mkwaruzo huo ndio unaounguza spika ndogo ya sauti nyembamba, na kwa hiyo amplifaya dhaifu iliyofunguliwa mpaka mwisho yaweza kudhuru zaidi kuliko yenye nguvu itumiwayo kwa utulivu.

Hatari huzidi siku za shughuli. Nyumba ikijaa wageni, hutakiwa sauti ifike sebuleni kwa wanaume na ndani kwa wanawake, na jozi ya pili ya spika hutiwa katika matundu yale yale ya kwanza. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2, na zile ampea 5 zimekuwa 10. Ni amplifaya chache za nyumbani ziwezazo mzigo huo. Twawasihi kina mama, ambao aghalabu ndio wasimamizi wa nyumba siku hiyo, wakatae katakata: jozi ya pili ipewe amplifaya yake.

Dukani, msihadaike na maandishi makubwa ya mbele. "Wati 3000 PMPO" si kipimo cha kutegemewa. Geuzeni chombo, msome nyuma kinatumia wati ngapi za umeme wa ukutani. Kisemacho 60 hakiwezi kutoa 1000 kwa mfululizo. Kisha tafuteni omu 4 na wati zake. Iliyoandikwa wati 60 kwa omu 8, na 100 au zaidi kwa omu 4, ni dalili njema. Iliyotaja omu 8 peke yake, iacheni. Na ikiwa imetoka Marekani, hakikisheni si ya volti 120 tu, maana umeme wetu wa 240 utaiunguza.

Si kila spika ngumu ya zamani yataka nguvu, hata hivyo. Quad ESL ya Peter Walker, iliyotoka Uingereza mwaka 1957, haina karatasi wala sumaku, bali utando mwembamba unaotikiswa na umeme tuli. Hiyo ikizidishiwa volti hutoa cheche ndani na kuharibika. Amplifaya ya Quad II iliyokuwa ikiandamana nayo ilikuwa na wati 15 tu.

Kabla ya kununua chochote, fundi azikague spika zenyewe. Vitufe viwili vya kuzungusha nyuma ya AR-3a hushika kutu ya kijani, na unyevu wa pwani hauvisaidii. Sauti nyembamba ikipotea, huenda ni hapo tu. Matoleo ya baadaye yana sponji ukingoni mwa karatasi, nayo huoza ikabadilishwa. Fundi akitaka kutoboa sanduku ili "besi ipumue", mzuieni, kwani ile hewa iliyofungiwa ndiyo springi. Na waya uwe mnene, wa milimita za mraba 2.5, hasa ukivuka chumba.