SAA ZA ZAIDI ZINA BEI YAKE

Mzee mmoja wa Borabu, katika mashamba yaliyogawiwa wakulima miaka ya 1960, alikuja ofisini kwetu na karatasi mkononi. Mwanawe ni kibarua wa kulipwa kwa saa katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Juma hilo alifanya kazi saa 62, akalipwa zote kwa bei moja. Karo ya mdogo wake ilitegemea fedha hizo. Mzee akauliza, "Bwana karani, mtoto amepunjwa, au ndivyo ilivyo?"

Tuliketi tukapiga hesabu, na yafaa kila mkulima aijue.

Amri ya Mishahara ya mwaka 1982, ihusuyo kazi nyingi za mijini, yasema kuwa juma la kazi lisizidi saa 52 katika siku 6. Saa ipitayo hapo ni saa ya zaidi. Ikifanywa siku ya kazi, hulipwa bei ya saa mara moja na nusu. Ikifanywa siku ya mapumziko au sikukuu ya serikali, hulipwa mara mbili.

Tuseme bei ya saa ni Shs. 60. Kijana alifanya saa 56 siku za kazi, na saa 6 Jumapili, siku yake ya kupumzika. Basi:

Saa 52 kwa Shs. 60 ni Shs. 3,120.
Saa 4 kwa Shs. 90 ni Shs. 360.
Saa 6 kwa Shs. 120 ni Shs. 720.

Jumla ni Shs. 4,200. Kwa bei moja angepata Shs. 3,720. Zimepotea Shs. 480 kwa juma moja tu.

Alipwaye kwa mwezi naye ana bei ya saa: isiwe chini ya mshahara wa chini wa kazi yake ukigawanywa kwa 225.

Nikamwambia mzee: kijana aandike kila siku saa ya kuingia na ya kutoka. Kwanza azungumze na tajiri wake kwa adabu. Wasipopatana, aende kwa Afisa wa Kazi, wala asikawie, maana dai la namna hii lina muda wa miaka 3.

Kisha nikauliza, "Mzee, na kijana anayekukamia ng'ombe, hupumzika lini?" Akanyamaza. Kijana huyo huamka alfajiri kila siku, Jumapili pia. Kazi ya shamba ina amri yake ya mishahara, lakini Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yataka kila mfanyakazi apate walau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, hata zizini.

Mzee alipotoka alipitia dukani akanunua madaftari mawili: moja la mwanawe, na moja la mkamaji wake. Wewe nawe, mkulima, daftari lako liko wapi?