Je, Wajua? Muuzaji Akikuomba Bataka

Kijana anaingia dukani Ibra, Sur au Nizwa, anataka pakiti ya sigara. Muuzaji anamtazama usoni, kisha anamwambia: "Bataka, tafadhali." Anataka kuona kitambulisho chake. Wapo wanaohamaki papo hapo, wakaona wamevunjiwa heshima. Hakuna heshima iliyovunjwa. Haya hapa mambo ya kujua kuhusu umri, kitambulisho na kaunta ya duka, hapa Oman na kule Afrika Mashariki tulikotoka wengi wetu.

Je, wajua mtoto ni nani kwa sheria ya Oman? Ni kila binadamu ambaye hajatimiza miaka 18. Ndivyo ilivyo katika Sheria ya Mtoto, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 22 ya mwaka 2014. Kumuuzia mtoto tumbaku ni marufuku, na anayebebeshwa jukumu hilo ni muuzaji. Ndiyo maana anauliza.

Je, wajua kwamba miaka hiyo 18 huhesabiwa kwa kalenda ya Miladia? Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi. Anayehesabu kwa Hijria atatimiza miaka 18 mapema kwa siku 196 hivi, yaani zaidi ya nusu mwaka. Mzee anaweza kuapa kwamba mjukuu wake keshatimiza, naye akawa mkweli kwa hesabu yake, lakini dukani hesabu ni ile iliyoandikwa kwenye kadi.

Je, wajua kwamba kuwa na kadi pekee hakutoshi? Kenya na Tanzania Bara, kitambulisho cha taifa hupewa aliyefika miaka 18, kwa hiyo mwenye nacho ni mtu mzima tayari. Oman sivyo. Hapa hata kijana ambaye bado yuko skuli huwa na bataka yake mfukoni. Muuzaji anayeiona kadi akaridhika bila kusoma tarehe ya kuzaliwa hajafanya kazi yoyote. Njia nyepesi ni hii: chukua tarehe ya leo, rudisha nyuma miaka 18, kisha angalia kadi. Aliyezaliwa siku hiyo au kabla yake, muuzie. Aliyezaliwa baada yake, mwambie arudi siku yake ikifika.

Je, wajua kwamba namba ya NIDA inautaja umri wako? Tarakimu 8 za mwanzo za kitambulisho cha taifa cha Tanzania ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa mpangilio huo. Namba inayoanza na 20080315 ni ya mtu aliyezaliwa tarehe 15 Machi 2008.

Je, wajua kwamba kuomba kitambulisho hakukubuniwa na muuzaji wa mtaani kwenu? Kumo katika mkataba wa dunia. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku ulianza kutumika tarehe 27 Februari 2005, na Oman ikajiunga siku chache baadaye, tarehe 9 Machi mwaka huo huo. Kenya iliuridhia mwaka 2004, Tanzania na Uganda mwaka 2007. Kifungu cha 16 kinataka maduka yaweke tangazo la wazi kwamba watoto hawauziwi tumbaku, na muuzaji akiwa na shaka, aombe uthibitisho wa umri. Kinataka pia sigara zisiwekwe pale mteja anapoweza kujichukulia mwenyewe.

Je, wajua kwamba kifungu hicho hicho kinazigusa hata peremende? Pipi na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa umbo la sigara vimetajwa humo, vipigwe marufuku kutengenezwa na kuuzwa. Mtoto anayejifunza kushika pipi kama sigara leo, vidole vyake vimeshazoea.

Je, wajua kwamba kodi nayo ni mlinzi wa mtoto? Tangu tarehe 15 Juni 2019 Oman hutoza kodi maalumu ya asilimia 100 kwa tumbaku na vinywaji vya kuongeza nguvu, na asilimia 50 kwa soda. Bei ikipanda, wa kwanza kushindwa ni yule mwenye fedha ya skuli tu mfukoni.

Je, wajua kwamba kuna bidhaa ambazo hata ukionyesha bataka ya miaka 60 hupewi? Sigara za kielektroniki na shisha za kielektroniki zimepigwa marufuku sokoni Oman tangu mwaka 2015, na Mamlaka ya Kulinda Walaji ikalikazia katazo hilo kwa uamuzi namba 756 wa mwaka 2023, wenye faini ya riali 1,000, na maradufu kwa anayerudia. Hali kadhalika ile tumbaku ya kutafuna inayouzwa kwa siri kwa jina la afdhal. Anayemnong'oneza kijana kwamba anavyo nyuma ya duka anavunja sheria kwa mteja yeyote, awe na miaka 15 au 50.

Je, wajua kwamba pombe ina mlango wake peke yake? Mkaazi asiye Mwislamu anayetaka kununua pombe ya kupeleka nyumbani anahitaji kibali cha Polisi ya Kifalme ya Oman, na umri wa chini ni miaka 21. Kwenye duka la mboga la Ibra au Nizwa hutaiona hata rafuni.

Je, wajua kwamba Ibra kuna soko maarufu kwa sharti la nani anunue? Ni soko la Jumatano, soko la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Mwanamume anayelijua hilo hupita zake bila kulalamika. Watu wa Ibra hawakuanza leo kuheshimu sharti la mnunuzi.

Je, wajua kwamba manahodha wa Sur waliwahi kuzifikisha karatasi zao mahakamani Ulaya? Mwisho wa karne ya 19, majahazi mengi ya Sur yalipeperusha bendera ya Ufaransa. Wenyewe walikuwa raia wa Sultani wa Muscat, lakini walibeba karatasi za Wafaransa, na jahazi lenye karatasi hizo halikuwa rahisi kupekuliwa na manowari za Kiingereza zilizosaka biashara ya watumwa. Uingereza ikalalamika, Ufaransa ikashikilia haki yake, na kesi ikaenda Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague. Hukumu ilitolewa tarehe 8 Agosti 1905. Pamoja na mengine, ilisema kibali cha bendera hakihamishwi: hakipewi mtu mwingine wala jahazi lingine, hata kama mwenyewe ni yule yule. Zaidi ya miaka 120 imepita, na kijana anayeazima bataka ya kaka yake ili akanunulie sigara anagonga ukuta ule ule. Hati ni ya mwenyewe.

Je, wajua kwa nini Mswahili wa Kenya akiulizwa kitambulisho roho humruka? Ana historia. Kwa sheria ya mwaka 1915, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika waliofika miaka 16 kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kilitumika kumbana mfanyakazi asihame kwa mwajiri wake. Kipande kile kilimfunga mtu mzima. Bataka inayoombwa dukani inamkinga mtoto, na mtu mzima akishaionyesha anaondoka na alichokitaka. Tusiyachanganye mambo haya mawili.

Je, wajua kwamba Mzanzibari Mkaazi alipata kadi yake kabla ya ile ya Muungano? Sheria ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ilitungwa mwaka 2005. Vitambulisho vya taifa vya NIDA vilianza kutolewa mwaka 2013.

Je, wajua kwamba Uganda imekaza kuliko majirani? Sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi awe na miaka 21. Ethiopia ilifuata mwaka 2019, ikaweka 21 kwa tumbaku na pombe pia. Marekani nayo iliingia kwenye 21 kwa tumbaku mwezi Disemba 2019.

Je, wajua kwamba Kenya nayo inatazama 21? Sheria ya pombe ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliibatiza jina la Mututho kwa sababu ya mbunge aliyeipigania, iliweka 18. Sera ya taifa iliyozinduliwa Julai 2025 inapendekeza umri wa kununua pombe upandishwe hadi 21.

Je, wajua kwamba Tanzania iliona kwamba pakiti yenyewe ni tatizo? Viroba, pombe kali ya bei ya chini ndani ya vifuko vya plastiki, vilienea hadi kwenye mabegi ya wanafunzi. Vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kifuko kinachoingia kwenye mfuko wa sare hakingojei mtu aulizwe umri.

Je, wajua kwamba Maldivi imefunga mlango kwa kizazi kizima? Tangu tarehe 1 Novemba 2025, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2007 au baada yake haruhusiwi kununua wala kuvuta tumbaku huko, awe mwenyeji au mgeni. Atafika miaka 40, atafika 70, na jibu litabaki lile lile.

Je, wajua kwamba kadi hiyo hiyo ya dukani ndiyo iliyopiga kura? Mwomani hupiga kura ya Majlisi ya Shura akifika miaka 21, na tarehe 29 Oktoba 2023 wapiga kura walitumia programu ya simu iliyosoma kitambulisho chao. Kadi inayotosha kumchagua mwakilishi wa wilaya haiwezi kuwa fedheha mbele ya rafu ya sigara.

Je, wajua tobo kubwa liko wapi? Liko nyumbani kwetu. Tazama duka dogo lolote la mtaani baada ya Magharibi. Anaingia mtoto wa miaka 9 au 10, kanzu imemfika kwenye ndala, riali kaikunja mkononi. Anataka mkate, laban na maji. Kisha anaongeza: "Na sigara za babu." Nyuma ya kaunta yupo kijana wa Kerala au Bangladesh, yuko mbali na kwao, kibali chake cha kazi kiko mikononi mwa mwajiri, na babu anayetajwa ni mtu anayeheshimiwa mtaa mzima. Akikataa, anaogopa kugombezwa. Akikubali, amemuuzia mtoto tumbaku, na mtoto amejifunza njia ya kwenda na kurudi. Kesho akija kwa ajili ya nafsi yake atatumia maneno yale yale, na hakuna atakayejua tofauti.

Sisi tumelelewa kutumwa dukani, na ni malezi mema: humfunza mtoto hesabu, adabu na uaminifu. Basi tumtume mkate, tumtume sukari, tumtume kitunguu. Sigara, aziendee mwenye kuzivuta kwa miguu yake. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na mkunjo wa tumbaku ni mgumu mno kuunyoosha.

Kwako mwenye duka: bandika tangazo lako mahali linapoonekana, ziweke sigara nyuma yako, soma tarehe. Kwako mzee: mpitie muuzaji wa mtaani kwenu, umwambie kwa kinywa chako kwamba mjukuu wako asiuziwe hata akitaja jina lako. Na kwako kijana uliyetimiza umri: ukiombwa bataka, itoe, mshukuru aliyeiomba. Leo amemlinda mdogo wako.