Kisu kimoja mfukoni, au kila siku na chake?

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani tunakunywa kahawa. Kijana mmoja anayejifunza kazi kwangu akatoa visu viwili vya kukunja na kuviweka juu ya mkeka. "Fundi," akasema, "hiki cha mwanzo wa wiki, hiki cha mwisho wa wiki. Wewe mbona kila siku ni kile kile, kama huna pesa?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Lakini swali lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu mimi pia niliwahi kuwa kama yeye. Kwa miaka kama minne nilikuwa nikibadilisha visu kama watu wanavyobadilisha kofia, na nina kovu kwenye kidole cha shahada linalonikumbusha siku hizo.

Mimi ni fundi wa mashini za boti hapa Kilifi. Kisu kwangu ni kama kalamu kwa karani. Nakata mpira wa petroli, nachuna nyaya, nakwangua gasketi kuukuu, nakata kamba, na saa nne nakatia embe. Asiyefanya kazi ya namna hii pengine hana haja ya kutembea na kisu hata kimoja, na nitalirudia jambo hilo mbele.

Cha kwanza kilikuwa Okapi, niliyoachiwa na marehemu mjomba wangu aliyekuwa baharia. Wazee wengi watakijua kisu hiki: mpini wa mbao wenye mwezi mchanga na nyota, na ukikifungua kinalia tra-tra-tra kama saa inayotiwa ufunguo. Mgongoni kina pete ndogo ya chuma, na usipoivuta hakifungiki. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini.

Cha pili nilipewa na mgeni wa hoteli niliyemtengenezea mashini siku ya sikukuu. Kilikuwa Victorinox chekundu, kile cha Uswisi chenye mkasi na kifungulia chupa. Karl Elsener alianza kuwauzia wanajeshi wa Uswisi visu mwaka 1891. Mama yake Victoria alipofariki mwaka 1909 aliliweka jina lake kwenye bidhaa zake, na chuma kisichoshika kutu kilipokuja, likaongezwa neno "inox" mwaka 1921. Ndiyo asili ya jina Victorinox. Cha tatu, Opinel ya Kifaransa, niliinunua kwa mwenye mashua ya tanga aliyekuwa ametia nanga hapa kwenye mkono wa bahari akijiandaa kuondoka. Cha nne ni cha sokoni, cheusi, hakina jina, ila kinafunguka kwa kidole gumba kama sinema.

Basi nikawa na visu vinne na siku saba. Nilijipa sababu mbili. Ya kwanza, kwamba kubadilisha hupunguza kuchakaa: ukigawa kazi kwa visu vinne, kila kimoja kitaishi mara nne. Ya pili, kwamba kila kisu kina kazi yake. Hizi si sababu za kijinga. Ila ukweli wenyewe, nilikuwa napenda tu kuvitazama asubuhi na kuchagua. Hakuna dhambi katika kupenda vitu vizuri, mradi mtu asijidanganye kwamba ni hesabu.

Tatizo la kwanza ni mkono. Watu hudhani kisu hutumiwa kwa macho, lakini baada ya miezi michache ni mkono unaokitumia, macho yako kwenye kazi. Mkono hujua urefu wa bapa, hujua ncha iko wapi, na zaidi ya yote hujua kisu kinajifunga vipi. Hapo ndipo visu vyangu vinne vilipotofautiana. Okapi hujikaza yenyewe na hufunguliwa kwa pete. Opinel ina pete ya mviringo shingoni, iliyoongezwa mwaka 1955, na lazima uizungushe ndipo bapa lisimame imara. Cha sokoni kina kibati ndani ya mpini. Na ile Victorinox yangu haina kufuli kabisa. Bapa linashikiliwa na springi tu. Ukisukuma kwa mgongo wa kisu, au ukichoma kwa ncha halafu ukaegemea, kinaweza kukunjika.

Kwa wiki mbili mfululizo nilikuwa na Okapi. Siku ya tatu ya Victorinox nilikuwa nimelala chali chini ya mashini, natoboa mpira mgumu kwa ncha, nikasukuma kama nilivyozoea kusukuma Okapi. Kisu kikajikunja juu ya kidole. Sikilaumu kisu, kwani hakikutengenezwa kwa kazi ile. Nililipa kwa nyuzi tano, na kwa siku kumi na mbili bila kazi. Fundi wa kibarua asiyefanya kazi siku kumi na mbili anajua duka la mtaa linavyomtazama.

Tatizo la pili ni hewa yetu. Wanaoishi bara wanaweza kuweka kisu kwenye droo mwaka mzima wakakikuta kama kilivyokuwa. Sisi hapa chumvi iko hewani, na unyevu haulali. Okapi ni chuma cha kaboni: hunoleka upesi na makali yake ni matamu, lakini ukikilaza usiku na maji ya bahari, asubuhi utakuta vidoa vyekundu. Ukikatia ndimu au embe hugeuka rangi ya kijivu kama wingu. Hiyo ya kijivu isikutishe, si kutu ya kula chuma. Inayokula ni ile nyekundu.

Chuma kisichoshika kutu nacho si malaika. Hukingwa na kromiamu, angalau asilimia 10.5 yake, inayofanya utando mwembamba usioonekana juu ya chuma. Chumvi huutoboa utando huo kidogo kidogo, hasa pale maji yanaposimama: kwenye bawaba, chini ya mkasi, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Ile Opinel ilikuwa na tabia yake ya pekee. Mbao za mpini zilifura wakati wa mvua za masika, bapa likabanwa ndani, nikawa naufunga mlango wa karakana nisionekane nikihangaika kukifungua.

Kisu kilicho mfukoni unakiona kila siku, kwa hiyo unakisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, unakifuta na kukitia tone la mafuta. Kisu kilicho kwenye droo hukioni. Kwa hiyo ile hesabu ya kuishi mara nne ilikuwa kinyume: cha zamu kilikuwa kikichakaa kwa kazi, na vitatu vikiharibika kwa kupumzika. Na kunoa? Mtu mwenye kisu kimoja hunoa kwa dakika tano jioni moja kwa wiki. Mtu mwenye vinne hunoa vinne mwezi wa kwanza, viwili mwezi wa pili, kisha hunoa kile anachokipenda. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na mimi nilishika manne.

Siku iliyonimaliza ilikuwa msimu wa kusi. Tulitoka kuijaribu mashini niliyoifungua na kuifunga upya, mimi na mzee mmoja mwenye boti. Tulipokaribia mlango wa mwamba tukapita juu ya kipande cha jarife kilichotelekezwa. Propela ikakimeza, mashini ikazimika. Asiyewahi kuona jambo hili ajue kwamba kamba ya nailoni ikizungushwa kwa kasi hujikaza, huota joto na kuyeyuka ikawa kama gogo. Haifunguliwi kwa mikono. Tuliiinua mashini, nikainama kwenye tezi na kutia mkono mfukoni. Zamu ilikuwa ya kile cheusi cha sokoni, ambacho sikukumbuka mara ya mwisho nilikinoa lini. Kilikuwa kinasugua kamba badala ya kukata. Mawimbi yalikuwa yakitusukuma kwenye mwamba, na mlio wa maji yakipasuka juu ya mawe ulikuwa unazidi kuwa karibu.

Mzee hakusema neno. Alitoa kisu kibindoni, kwenye kikoi chake kisicho na mfuko, kisu cha mpini uliofungwa kwa kamba na bapa lililokwisha kwa kunolewa hadi likawa jembamba kama jani la mchongoma. Alikata mara sita au saba. Tulipokuwa tumewasha na kutoka salama ndipo akaniambia, "Mwanangu, hicho cha kwako kizuri. Ukifika nyumbani kitundike ukutani."

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo vijana hawapendi kulisikia. Tumeishi na habari za magenge ya vijana wenye visu na mapanga, na watu wana haki ya kuogopa. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inalifanya kuwa kosa kubeba silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Fundi aliye na kisu kimoja chenye grisi ndani ya mkoba wa spana ana maelezo. Kijana aliye na vitatu vinavyong'aa mfukoni saa tatu usiku, maelezo yake ni marefu, na askari hana subira ya kuyasikiliza. Kivuko cha Likoni na stesheni ya treni ya Miritini mizigo hukaguliwa. Siku ya safari mimi naacha kisu nyumbani.

Je, nasema mtu asiwe na zaidi ya kimoja? La. Kisu kilichokata mpira wenye petroli hakifai kukatia embe la mtoto, hata ukikiosha vipi. Nami nimefunga kisu kisichokunjwa, chenye meno, ndani ya ala kwenye tezi ya kila boti ninayoitoa kujaribu, kwa ajili ya kamba peke yake. Hicho hakitoki pale. Tofauti na zamani ni kwamba sasa kila kisu kina mahali pake, na mkono unaojua mahali haubahatishi.

Yule kijana nilimwambia achague kimoja kati ya viwili vyake, akitumie hadi Ramadhani, akinoe yeye mwenyewe, kisha turudi kwenye mjadala. Alinuna. Opinel sasa ni ya mke wangu jikoni, na hailalamiki kwa kuwa hakuna anayeikunja. Victorinox anayo binti yangu kwa ajili ya mkasi. Kile cheusi kilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu pamoja na silinda mbili za mashini. Okapi ya mjomba ninayo hapa nikiandika. Mwezi wake umefutika nusu, pete yake nimeibadilisha mara moja kwa waya wa breki ya baiskeli, na jioni hii ni zamu yake ya kinoo.