RUZUKU SI MKOPO



Wengi hudhani kila fedha ya Serikali ya kusomea chuo ni mkopo. Sivyo. Ruzuku hairudishwi, mkopo ni deni. Hapa Tanzania, mfano wa ruzuku ni Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/2023 kwa waliofaulu vizuri sana sayansi kidato cha sita.

Mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo (HESLB) kwa wahitaji. Wapo Waislamu walioukwepa kwa kuogopa riba, kwani palikuwa na tozo ya asilimia 6 kila mwaka. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Deni lenyewe lipo palepale: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka limalizike.

Basi kabla ya kutia saini, someni mkataba, na mwenye shaka aupeleke kwa sheikh. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuagiza kuandikiana deni. Hatuwezi kutia saini tusichokisoma.

Wazazi, hakikini mapema vyeti vya kuzaliwa RITA, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Kijana mwenye sifa asikose chuo kwa karatasi.

Wabillahi tawfiq.