Piga Dabo, Nusu Itoke

Nikikam Jozi kutoka Kanairo, kitu ilinisumbua kwanza hapa La Rochelle haikuwa Kireno cha wasee wa Msumbiji pale Johannesburg Road. Ilikuwa unga. Kwetu pakiti ni kilo mbili, unagawa bei kwa mbili, form imeisha, unaenda kusonga. Huku ndogo imeandikwa 2,5, kubwa 12,5, yaani kilo kumi na mbili na nusu. Hiyo nusu ilinikulia doh miezi kibao. Nilikuwa naokota tu ndogo, juu randi 35 inakaa kitu kidogo ukiwa umesota.

Beshte yangu mmoja wa Lubumbashi ndiye alinionyesha rada. Tumesimama dukani, ameshika pakiti, kidole kiko pale kwa 2,5, unga umemwagikia kucha. "Ndugu yangu, usigawe na nusu. Piga dabo kwanza."

Pakiti mbili ni kilo tano, bei 70. Gawa: kilo moja ni randi 14. Halafu ile kubwa, 150. Dabo yake ni kilo 25 kwa 300. Kilo ni 12.

Nilisimama hapo nikihesabu tena. Ndogo tano ndizo kubwa moja, lakini zingenitoka 175. Randi 25 zinaenda bure, na unga ni uleule! Hii inaniuma hadi leo, juu mwenye kununua kidogo kidogo ni yule hana, na ndiye analipa kilo ghali. Mathe ocha akipimiwa mahindi kwa gorogoro anaijua hiyo kitu poa sana.

Ikiwa ni robo, piga mara nne. Juzi nilicheki kuku wa barafu wawili: kilo moja na robo kwa 75, kilo moja na nusu kwa 87. Wa kwanza anakuwa kilo tano kwa 300, yaani 60. Wa pili kilo tatu kwa 174, yaani 58. Nikabeba mnono. Lakini kuna siku ofa iko kwa ndogo, kwa hivyo mimi hupiga hesabu kila saa.

Sai kwa keja tuko watatu, kila mtu anachanga finje, tunabeba ile ya 12,5. Mgao ni kilo nne na sehemu moja ya sita. Mizani hatuna. Tunapima na kikombe cha chai, zamu kwa zamu, na ile inabaki chini ya pakiti tunaisonga usiku huohuo.